Nyumba Yetu Imeezuliwa Upande Mmoja

Igamba, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Joto, vumbi, na mawingu yamejikusanya upande wa milima ya Ileje tangu mchana.

Shajara, leo sina raha hata kidogo.

Nyumba yetu haikujengwa mara moja. Aliyeanza ni babu yake baba, kwa tofali mbichi za udongo. Alijenga vyumba viwili tu, kuta nene ajabu. Babu alipopata fedha ya kahawa akaongeza upande wa nyuma kwa tofali za kuchoma, na huko ndiko tunakoishi mimi na wazazi wangu. Baba Mkubwa, kaka yake baba, alipooa akaongeza upande wa mbele kwa bloku za saruji, kabla hajahamia Tunduma kufanya biashara. Kila aliyeongeza hakujenga ukuta mwingine pale alipokutana na wa mwenzake. Aliegemeza kenchi za paa lake juu ya ule wa zamani, akaendelea. Ndiyo maana chumba cha Bibi, kilicho katikati, hakina dirisha tena. Lililokuwa dirisha sasa ni mlango wa kwenda upande wa Baba Mkubwa.

Wageni wanasema mna giza. Mimi napapenda kuliko mahali pengine pote.

Babu alifariki mwaka jana. Tulipomaliza kujengea kaburi lake, Baba Mkubwa alitangaza mbele ya ukoo kwamba anajenga Tunduma na atakuja kuchukua kilicho chake: bati, kenchi, milango. Baba akaendelea kukusanya makoleo. Kwetu mdogo habishani na mkubwa wake mbele za watu.

Nikajiambia, basi nitamsemea mimi, kwa adabu.

Shuleni tumefundishwa kuchora kwa skeli. Nikapima nyumba nzima kwa kamba, Bibi akinishikia ncha.

"Mke mwenzangu," akasema, "unanipimia sanda mapema hivi?"

Nikachora kila ukuta: wa udongo kwa rangi ya kahawia, wa tofali za kuchoma kwa nyekundu, wa bloku kwa kijivu. Paa la kila mmoja nikalipaka rangi yake vilevile. Nilitaka Baba Mkubwa aone kwa macho yake kwamba kijivu chote kimelala juu ya kahawia, na kwamba akikivuta chake, ukuta wa chumba cha mama yake utabaki wazi.

Leo asubuhi alifika na fundi na lori. Nikampa mchoro kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Aliutazama kwa muda mrefu. Nilidhani ameelewa.

"Aisee, huyu mtoto ni injinia kabisa!" akamwambia fundi. "Fuata hii rangi ya kijivu. Nyingine usiguse, nisije nikaambiwa nimeiba."

Fundi akaukunja, akautia mfukoni, akapanda nao juu.

Nilimrahisishia kazi.

Siwezi kuandika kwamba Baba Mkubwa ni mtu mbaya. Alimletea Bibi sukari na kitenge. Mbao moja ya Babu ilipong'olewa kwa bahati mbaya, aliamuru irudishwe. Hakuchukua cha mtu. Nadhani hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu sina hata wa kumkasirikia ila mimi na penseli zangu.

Kufika alasiri bati zake zote zilikuwa chini, na ukuta wa zamani tukauona kwa juu. Ni udongo mtupu, na vipande vya majani makavu bado vinaonekana ndani yake. Zamani ulikingwa na upenu wa paa la Babu, lililofunika na vyumba vya zamani. Baba Mkubwa aliukata upenu huo ili paa lake lipate pa kuingilia. Sasa lake limeondoka na upenu haupo.

Fundi aliugusa, ukamomonyoka vidoleni mwake. "Mama, huu ukilowa siku chache tu unalala chini," akamwambia Bibi. "Hama mapema."

"Niliingia humu nikiwa bibi harusi," Bibi akajibu. "Nihamie wapi, stoo ya kahawa?"

"Si mtafunika tu?" Baba Mkubwa akamwambia baba. "Mdogo wangu, hata turubai huna?"

Baba alisema analo. Ni neno pekee alilolitamka siku nzima mbele ya kaka yake.

Lori lilipoondoka nikachukua turubai la kuanikia kahawa, nikapanda. Upepo ukalinyanyua nami nikayumba. Kugeuka, baba yuko nyuma yangu na kamba ya katani. Tukafunga, yeye upande huu, mimi ule. Lina matobo, na hatuna bati za kuweka badala yake. Fedha ya kahawa ya mwaka huu imeshakuwa mbolea.

Bibi akapaza sauti kutoka chini, "Mnanifunika mimi au ukuta?"

"Ukuta, mama," baba akasema.

"Haya. Mimi mtanifunika baadaye."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha haikuwa kucheka tena. Baba alijifanya anakaza fundo.

Nimemwomba Bibi alale kwangu. Amekataa. Nimemwomba mara ya pili, akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule.

Kesho kanisani ni ibada ya kubariki mbegu. Mashamba yote yameshalimwa, watu wamekaa wanatazama juu. Wiki mbili zilizopita mwinjilisti alinichagua nisome sala ya kuombea mvua, kwa sababu nasoma vizuri bila kukwama. Nimeifanyia mazoezi mpaka naijua kwa moyo. Inaomba mvua nyingi, ya mapema, isiyokatika.

Nitaisoma. Mahindi hayana kosa, na watu wa Igamba watasema amina kwa nguvu, baba na Bibi wakiwa kati yao.

Sijui kama mtu anaruhusiwa kuomba mvua inyeshe shambani tu.