Kitanda cha Pili

Mwanza, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na nyonga haikusumbui sana. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Kwizera anakusalimu, na kazi yangu ya wodini ni ileile.

Mama, nina jambo, na naomba usilikatae kabla hujafika mwisho. Umeuza samaki wadogo wa sambaza pale Rubona tangu nikiwa mgongoni kwako. Sasa umepumzika, na sitaki mapumziko yako yawe ya kukaa barazani ukitazama malori ya kiwanda cha bia. Kuna ile meli ya matembezi ya ziwani yenye vyumba vya kulala, ile uliyokuwa ukisema ina taa nyingi kuliko mtaa wetu. Jumamosi tarehe 16 Agosti inaondoka Rubona kwenda Kibuye na Cyangugu, kisha inarudi Jumatatu. Nataka kukukatia nafasi. Hutapika, hutafua, hutauza chochote. Niambie tu ndiyo.

Na huku kwenye simu si lazima kuandika tarehe na mahali, simu inaandika yenyewe. Mimi naandika kukuridhisha tu.

Binti yako,
Umutoni


Rubona, 9 Julai 2025

Mwanangu Umutoni,

Marahaba. Mimi ni mzima, nyonga inalia tu ninapopanda kilima cha kanisa, na pale hata wazima wanalia. Msalimie mkwe wangu. Tarehe nitaendelea kuandika. Barua isiyo na tarehe naiona kama umbea.

Nilisoma mpaka mwisho, kisha nikasoma tena kwa furaha, nikaenda kumwonyesha jirani yangu Nyirasafari. Akaniuliza, "Sasa kule unaenda salimia nani?" Tangu nizaliwe sijapanda chombo bila kuwa naenda kwa mtu.

Ndipo nikaifuata njia ya meli kichwani mwangu, nikaona inapita mbele ya Boneza. Mama yako mdogo Gatesi yuko palepale ukingoni, kwenye nyumba ya mabati ya buluu. Tangu akatwe mguu kwa ajili ya sukari mwaka juzi, sijamtia machoni. Gari linaishia juu mlimani, na kutoka hapo kushuka ni pikipiki, ambayo daktari amenikataza. Yeye naye hatoki nje. Si kwamba hawezi, hataki watu wamwone akibebwa. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, na kila Jumapili ananiambia yuko vizuri kwa sauti ya mtu ambaye hayuko vizuri.

Kwa hiyo uliza kama meli inasimama Boneza. Kama inasimama, ndiyo.

Mama yako


Mwanza, 15 Julai 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Sisi wazima, mafua tu ya hapa na pale.

Nimezungumza na Ricky wa ofisi ya tiketi. Meli haisimami Boneza, hakuna gati la kuifaa. Nilimwomba sana, akasema labda nahodha anaweza kupunguza mwendo na kupiga honi, ili wewe umpungie mama mdogo mkono.

Kila chumba kina vitanda viwili na unalipia vyote viwili hata ukilala peke yako. Nimekuchagulia chumba cha chini, karibu na mlango, usipande ngazi nyingi. Majina yanafungwa Jumatano tarehe 6 Agosti. Nitumie namba ya kitambulisho chako. Tafadhali, Mama. Kumwona kwa mbali si afadhali kuliko kutomwona kabisa?

Binti yako,
Umutoni


Rubona, 24 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba, na poleni na mafua, kunyweni tangawizi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza nilikuwa na hasira, kisha nikawa na kazi.

Hasira ni hii. Nimpungie Gatesi mkono? Nipite mbele ya mlango wake na glasi ya juisi, yeye amekaa pale na mguu mmoja, mimi napigiwa honi? Huyu nimelala naye kitanda kimoja kule Karagwe tulikokulia mpaka siku nilipoolewa. Heri nibaki kwangu.

Na kazi ndiyo hii. Nilikwenda mwenyewe bandarini. Ricky akaniambia, "Mama, bateau haiwezi simama Boneza, port haiko." Nikamjibu, "Mi sikusema isimame ku inchi kavu. Isimame ku mayi, pirogue ya mvuvi itakuja." Akacheka, akanionyesha nahodha, Bwana Mutabazi, anakunywa chai. Nikamweleza yote, mguu wa Gatesi na nyonga yangu.

Akanitazama. "We si ulikuwa unauzaka sambaza hapa?"

"Ni mimi."

"Bon. Donc unajua vyombo vinakutanaka namna gani ku mayi. Kama ziwa iko calme, nitazima moteur kidogo. Lakini mutu hana jina ku liste, hapandi. Na gilet ya kuelea avae kule kwake, mbele ya kutoka."

Nikamwambia jina litakuwepo. Mwanangu, kile kitanda cha pili unakilipia bure. Kiandike jina la Gatesi. Namba yake ya kitambulisho nimeiweka hapo chini na yangu. Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako


Mwanza, 3 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Nimelipa, majina mawili. Nimeomba chakula kisicho na sukari na mahali pa baridi pa kuweka insulini ya mama mdogo.

Lakini nilishindwa kuvumilia, leo nikampigia. Hataki. Alisema, "Mwambie dada yangu mimi si gunia la makaa. Sitanyanyuliwa mbele ya watalii." Kisha akakata simu. Mama, nawaona wagonjwa wa namna hii kila siku, na ukiwasukuma wanajifungia zaidi. Jumatano majina yanafungwa. Niliache jina lake au nilitoe?

Binti yako,
Umutoni


Rubona, 4 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Liache.

Nimeongea naye. Sikumbembeleza, maana Gatesi ukimbembeleza ndiyo umemharibu. Nilimwambia kwamba Jumamosi ile, saa tisa alasiri, meli itazima injini mbele ya nyumba yake na ngazi itateremshwa. Ama yeye atapanda, ama mimi nitashuka na nyonga yangu hii, na vitanda viende vitupu vyote viwili. Akasema, "Huwezi." Nikamwuliza amenijua jana?

Mvuvi Sebagabo, aliyekuwa akiniletea samaki, anakaa pale jirani yake. Mtumbwi wake uko tayari na wenzake wamekubali. Gilet nimeituma kwa gari, Sebagabo ataifuata juu mlimani. Nimeshafanya langu lote, lililobaki ni lake.

Wewe ni mtu mzima, sitakuficha. Naogopa. Asipotoka siku hiyo, sidhani kama atatoka tena.

Mama yako


Mwanza, 16 Agosti 2025, jioni

Mama,

Shikamoo. Ricky amenihakikishia kuwa mliondoka salama. Nilitegemea neno lako baada ya saa tisa, na sasa ni saa kumi na mbili. Simu yako haipatikani. Ya mama mdogo inaita na haipokelewi. Nakuomba usiwe umeshuka kwenye mtumbwi na nyonga hiyo. Niandikie neno moja tu, hata bila tarehe.

Binti yako


Melini, Kibuye, 17 Agosti 2025

Mwanangu Umutoni,

Marahaba, na tarehe nimeandika. Ni mzima. Simu yangu iliishiwa chaji kabla ya Boneza, ndiyo kwanza nimeichaji.

Injini ilizimwa saa tisa kama tulivyopatana. Ziwa lilikuwa limetulia. Nyumba ile nikaiona, mlango umefungwa, na mtumbwi umelala mchangani. Watalii wote wakaja upande wetu kutazama. Bwana Mutabazi alitazama saa yake, kisha akaifunika kwa mkono wa shati, ni mtu wa heshima. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kwenye ngazi.

"Mama, unaenda wapi? Pirogue haiko," akaita nahodha.

"Itakuja."

Nikashika kamba, nikateremsha mguu mmoja, ule wa nyonga mbovu. Nilijua Gatesi anachungulia, na nilitaka auone mguu huo. Nikateremsha na wa pili.

Mlango ukafunguka.

Sebagabo na wenzake walimtoa amekalia kiti cha jikoni, amevaa vazi lake la mushanana alilovaa kwenye harusi yako, na gilet juu yake. Walipiga makasia wakiimba wimbo wao wa kwenda kuvua. Niliusikia wimbo kabla sijauona uso wake vizuri, na nikalia bila aibu yoyote. Walipofika chini yangu akainua macho, akasema, "Panda juu, we mwanamke, unaniziba njia."

Wakamnyanyua na kiti chake. Hakuna aliyecheka. Mzungu mmoja alimpisha mahali pazuri pa kuonea, naye akapachukua bila hata kusema asante.

Simu aliisahau nyumbani, ndiyo maana hakupokea. Kitanda cha dirishani, ambacho kilikuwa changu, amekichukua yeye. Anasema ungetafuta chumba cha juu, kwa sababu huku haoni vizuri milima. Amekonda, lakini mdomo uko palepale.

Asubuhi hii nahodha alikuja kumwuliza kama kesho, wakati wa kurudi, azime tena injini pale Boneza ili ashuke. Gatesi akaniuliza kama kitanda chako cha usichana, kule nyumbani Rubona, bado kipo. Nikamwambia kipo na kimetandikwa.

Akamgeukia nahodha. "Boneza wewe pita tu," akamwambia. "Upige honi."

Mama zako wawili