Mifuko Minne ya Mwakiro

Magarama, Gitega. Alhamisi, katikati ya kiangazi.

Jua kali tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Lakini leo sinuni. Alhamdulillahi, leo nimepewa nisichostahili.

Mwaka jana niliwauzia akina mama wa Bukirasazi mbegu za miberoshi, ile miti tunayoiita sipre hapa kwetu. Kilima chao kiliungua wakati wa mapigano, wakataka kukipanda upya. Walimwagilia vitalu wiki baada ya wiki na hakikuota kitu. Nilipopasua kwa wembe mbegu zilizonibakia, karibu kila moja ilikuwa na funza mweupe, amelala kwa raha zake mahali pa kiini. Kuna kijidudu chenye mabawa kinachotoboa koni, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, zikiwa bado changa na kutaga humo. Kwa nje huoni kitu, mbegu ni nzima kabisa.

Sikuwaambia. Nilisema labda ni mvua.

Hilo nimetembea nalo mwaka mzima.

Ndipo nikashona mifuko. Mimi ni binti wa fundi cherehani, dawa ninayoijua ni sindano. Nilikata vyandarua vikuukuu, nikampelekea Melkiori, anayetunza miberoshi aliyoniachia marehemu baba kule Mwakiro, Muyinga. Nikamwagiza avike kila tawi lenye koni changa, akaze kamba, asifungue mpaka zikomae. Halafu mapigano yakarudi, barabara ikafungwa. Miezi ikapita, tukawa tunasikia tu kwamba watu wa kule wamekimbilia porini.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Sikumwombea Melkiori kama nilivyoiombea mifuko. Nilijisemea, siku hizi nguo hakuna, chandarua hakuna, nani ataacha kitambaa kizima kining'inie mtini? Nilishamhukumu moyoni.

Leo kabla ya adhuhuri kaingia uani na gunia kichwani, amekonda, viatu vimekwisha soli. Na mimi, mtu mzima niliyefunzwa adabu, neno langu la kwanza baada ya salamu likawa mifuko yangu iko wapi. Sikumuuliza habari za mkewe. Wala za watoto.

Hakukasirika. "Iko humu, Mama Zuhura," akasema. "Mifuko ine tu njo inakosa. Tulibebea maharage wakati tulikimbia, watoto walikuwa na njaa. Lakini bibi yangu alikataa koni zibaki wazi, akazifunga na maganda ya mugomba. Utusamehe."

Kweli, ndani ya gunia mlikuwa na vifurushi vinne vya maganda makavu ya mgomba, vimekazwa vilevile kama tunavyofunga maharage ya mbegu huku kwetu. Mkewe anakimbia risasi, na bado anasimama kufunga koni za mtu mwingine.

Tulikaa mkekani tukapasua mbegu. Wembe ukipita, kiini. Ukipita tena, kiini. Za kwenye maganda baadhi zimeshika ukungu, ila funza hamna. Melkiori alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Mkewe na watoto wote ni wazima. Nilikumbuka kuuliza ugali ukiwa tayari mbele yetu.

Jumamosi naenda Bukirasazi na mbegu hizi, nawapa bure, na kabla sijafungua gunia nitawaeleza habari ya funza. Wakinifukuza, ni haki yao. Naomba tu wazipokee kwanza, mvua haiko mbali.

Lakini Melkiori anarudi Mwakiro kesho, na kabla hajaondoka nina kazi. Uzi upo, kitambaa kizito nimekipata kwenye pazia la sebuleni. Nitashona mifuko minne na kila mmoja nitaujaza maharage ya watoto wake. Mifuko ya koni itasubiri.