Tairi la Nyuma, Baba Zuhura

Baba Zuhura,

Shikamoo sikupi. Mimi mkubwa wako, na hata huko uliko shikamoo bado inatoka kwako kuja kwangu. Marahaba.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwanangu Tomasi alitaka kuniandikia, nikamwambia kalamu niliishika kwenye kisomo cha watu wazima yeye hajaota meno, na darasani nilikuwa wa kwanza. Wewe ulikaa nyuma yangu ukichungulia, unakumbuka. Basi herufi zikienda kombo ni macho haya, si ujinga.

Tangu uondoke, kibanda chetu cha baiskeli kipo. Lile bati ulilosema litang'oka, limeng'oka, nimelipigilia mwenyewe. Pampu yako nimeitundika palepale, mtu akija kuomba upepo nampa yangu. Juzi nilikuwa nakaza nati ya gurudumu, nikasema nipe spana, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkono ukakaa hewani. Nikaurudisha.

Tandahimba sasa wamefungua duka la vipuri, tairi zimepangwa ukutani mpaka juu, za kila nchi. Nilipoingia nilitaka kukuita uje uone. Nikatoka bila kununua kitu.

Unajua, zamani sisi hatukugombana. Tungegombania nini? Tairi lilikuwa la aina moja, na hilo moja ulipate kwa kibali duka la ushirika, baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Likichanika tulilishona kwa uzi wa katani, tukaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, likaenda mwaka mwingine. Tulikaa miaka yote hiyo kama watu wa tumbo moja, mimi mtoto wa misheni wa Chiwata, wewe Mwislamu wa Newala, koo zetu zikitaniana tangu mababu. Halafu ikaja ruksa ya biashara, bidhaa zikaingia, zikaja na baiskeli za gia zenye matairi manene. Ndipo tukajua kugombana.

Mimi nilinunua yenye kashata kubwa, yale meno ya tairi, mpira laini, mbele na nyuma. Nilisema tairi ni kashata, basi. Kwenye kichanga cha Newala zilishika kama makucha, na kwenye mawe ya kuteremkia bondeni hakuna aliyenifikia. Hilo kweli, usinibishie. Wewe ulikuja, ukalibonyeza tairi langu la nyuma kwa ukucha wa dole gumba, ukucha ukazama. Ukatikisa kichwa. Ukasema, "La mbele lishike, la nyuma livumilie." Ukanieleza kama unamweleza mtoto: mbele ndiko kunakoongoza, weka laini lenye kashata za kutawanyika; nyuma ndiko kwenye mzigo na breki, weka gumu, kashata fupi zilizobanana, lenye mgongo mmoja katikati, ili liende barabarani bila kujila lenyewe. Nikakuambia wewe fundi wa pampu, tairi waachie wenyewe.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikukuambia.

Lile tairi langu la nyuma halikumaliza msimu wa korosho. Madumu mawili ya maji kila siku kutoka bondeni, na magunia ya korosho juu yake, likawa kipara katikati kama kichwa cha mwalimu wetu wa kisomo. Nikanunua jingine lilelile. Nililifunga nyumbani, mlango umefungwa, nikalipaka tope, nikaja kibandani nikasema, tazama, msimu mzima na bado lipo. Nalo likaisha. Nikanunua la tatu. Hayo mawili nikayaficha ghalani nyuma ya magunia, na la tatu lilipoisha, baada ya kukuzika, likayafuata. Watu wote wa Newala wanajua Baba Tomasi ana tairi moja lililokaa miaka miwili. Nimelisema mwenyewe kila mahali.

Ulipolazwa nilikuja nimeazimia kukueleza. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Ulikuwa umekonda, pumzi inakwenda kwa kuvuta. Ukanitazama, ukauliza, "Lile la nyuma, bado?"

Nikasema, "Bado. Kama jipya."

Ukatabasamu, ukageukia ukutani. Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Mtu mzima mimi, na mvi hizi.

Kwenye maziko nilifanya kazi yangu ya utani, nawe hungekubali nisifanye. Nilizuia njia ya makaburini na pampu yangu mkononi, nikawaambia wamjaze upepo huyu, huenda amepungua tu. Watu walicheka huku wanalia. Hapo ningenyamaza. Lakini ulimi wangu unaujua. Nikaongeza kwamba marehemu alikuwa fundi, ila tairi hakulijua mpaka anaingia shimoni, na anayebisha aje aone langu la nyuma. Walicheka zaidi.

Zuhura hakucheka. Zuhura alisikiliza.

Baba Zuhura, mwanao amepewa baiskeli ya gia kazini, anapeleka chanjo vijiji vya bondeni, kasha limefungwa nyuma kwenye keria. Wewe ulimfungia matairi kwa namna yako kabla hujaugua. Baada ya maziko alilitoa lile gumu la nyuma akafunga laini la kashata, kama langu. Kwangu hakuuliza. Ameona baba mkubwa amesema mbele ya maiti, atasemaje uongo?

Mwezi wa tatu likawa kipara. Akiwa anateremka bondeni, kwenye kona ya mawe, kasha zito, akabana breki, gurudumu la nyuma likakimbia. Amevunjika mkono wa kushoto. Alikuja kibandani na bandeji, kanga shingoni, akaniamkia vizuri kama ulivyomlea. Akasema, "Baba mkubwa, lako lilikaa miaka miwili. Langu miezi mitatu. Nifundishe kuendesha, maana naona kosa ni langu."

Nilimtazama nikaona pua yako.

Kwanza nilikwenda kijiweni, nikawaambia wanaume waziwazi kwamba nilidanganya, tairi zilikuwa tatu. Wakashika mbavu. Mmoja akaniambia mtani wewe, hata arobaini imepita bado unamtania mwenzio. Hakuna aliyeniamini. Ukweli nimeuleta, wameupokea kama mzaha.

Basi nikayatoa yote matatu ghalani, nikayabeba mabegani mchana kweupe mpaka kwako. Mama Zuhura bado yuko edani, kwa hiyo nilikaa nje ya mlango, Zuhura kakaa kizingitini. Nikayaweka chini moja moja. Nikasema yote, la tope na la hospitali. Zuhura alipitisha kidole kwenye vipara vile. Niliomba anitukane.

Ndipo mama yake akasema toka ndani, taratibu: "Alijua, shemeji."

Akasema kila nilipobadilisha ulirudi nyumbani unacheka. Ulikuwa unaona vile vinywele vya mpira ambavyo tairi jipya huwa navyo, tope langu halikuvifunika. Ulikuwa unamwambia, "Leo Baba Tomasi ameota nywele nyuma, usimwambie mtu." Akanieleza kwamba hata hospitali, nilipotoka, ulimwambia, "Nimempa nafasi. Amekataa. Huyo ni yeye kabisa."

Nililia pale mlangoni, Baba Zuhura. Mbele ya mwanao.

Baiskeli ya Zuhura nimeifunga upya. Mbele laini, nyuma gumu lenye mgongo, nikalibonyeza kwa ukucha mpaka ukucha ukauma. Upepo wa mbele nimepunguza kidogo kwa ajili ya kichanga, wa nyuma nimejaza, kwa pampu yako. Ndiyo mara ya kwanza kuitundua. Halafu nikafunga dumu zima la maji mahali pa kasha, nikaiendesha mwenyewe mpaka bondeni na kurudi, maana simpi mtoto wako kitu sijakijaribu. Ile kona ya mawe ilishika. Nyuma hapakutikisika.

Nakuahidi hivi. Mwanao hatapita mteremko ule kabla sijayakagua matairi yake kwa mkono wangu, maadamu naona. Na anayekuja kibandani kuuliza tairi namwambia maneno yako, na namwambia ni yako. Matatu yale nimeyapanga mlangoni, vipara vimetazama njia.

Lala sasa, mtani wangu. Pumzi yako irudi huko.

Watu nimewaambia nilipanda toka bondeni bila kushuka kwenye baiskeli. Nilishuka mara moja.

Mara mbili.

Mimi mkubwa wako,
Baba Tomasi