Mukaba wa Aziza hapa Kalemie

Yaya Mwamini, dada yangu mukubwa, nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kasongo.

Aziza wangu iko anapita juu ya ziwa, amesimama kwenye ubao, anavutwa na tiara kubwa kuliko paa la jiko lako. Hakuna anayemufikia hapa, na sisemi hivyo kwa sababu nimemuzaa.

Tiara inamuvuta kwa mukaba wa kiunoni wenye ndoano mbele. Tulipoenda kuuchagua, nilimuchukulia mukubwa ili udumu, kama viatu vya masomo vya watoto. Yaya, hapo nilikosea. Upepo ulipovuta, mukaba ulipanda mpaka kwapani, mbavu zikamuuma, akawa anainama kama mwenye kupalilia mupunga. Na kesho yake ndiyo yalikuwa majaribio ya kuwa mwalimu wa muchezo huo.

"Mama, huu ungekutosha wewe," akaniambia.

Tukaenda kuubadilisha. Safari hii niliufunga mimi mwenyewe, chini kwenye nyonga, pale tunapojifunga kikwembe, nikaukaza. Nikamwambia: "Usiiname. Simama kama unamuvuta mbuzi anayekataa: magoti yalegee, kiuno mbele, mabega nyuma."

Asubuhi akapita wima, mikono imetulia. Mwalimu wao aliyekuwa anawapima akauliza ni nani aliyemufundisha kusimama vile. Aziza akanionyesha mimi, nimekaa muchangani nakula ndakala, vile visamaki vya ziwani.

Amekubaliwa, Yaya. Waambie wote sokoni, uanze na wale waliosema atazama.

Nakukumbatia sana, Mungu akulinde mpaka nikuone.

Mudogo wako,
Mama Aziza