Chuma ya Baba Si ya Mahindi

Jumatatu, 4/6/2001
Mama batoto anapukuchua tena mahindi na chuma ya baba yangu. Nilikataza. Hasikii. Mukono ya mbao, fimbo ya chuma, na vipande vya mviringo kama sarafu za makuta ya Zaïre, vimepangwa kwenye fimbo kama shanga. Vikali pembeni. Wakati wa vita tulivuka mpaka kutoka Bukavu kuja huku, wengine balibeba magodoro. Mimi nilibeba hii. Baba yangu alikuwa fundi wa bunduki za bawindaji. Fundi kupita bote.

Jumanne, 5/6
Kabare. Tulikaa tunakunywa pombe ya ndizi. Sylvestre, fundi mbao, alisema baba yangu alikuwa mupishi wa bazungu tu, na chuma ni ya jikoni. Batu bote bakacheka. Nikapanda juu ya benchi. "Ni chuma ya kutengeneza bunduki!" Niko na sauti. Hata ng'ambo Bukavu balisikia.
Hapo sikufikiri vizuri.

Jumatano, 6/6
Responsable, mukubwa wa mtaa, alikuja. Akachukua chuma. Aliongea na heshima: "Mzee, kule ng'ambo vita haijaisha. Kama ni ya bunduki, inaenda kambini kwa basoda. Kama ni ya mahindi, inarudi kwako. Kwenye bunduki inafanya kazi gani?"
Nikaangalia viatu vyake. Mimi! Sijui. Nilikuwa mutoto, baba alikuwa anafunga mulango akifanya kazi.
Alinipa mpaka Ijumaa nimuonyeshe kazi yake.
Mama batoto anasema: "Papa, sema mahindi, iishe." Hapana. Nikisema mahindi, baba yangu anabaki mupishi mpaka mwisho wa dunia. Naogopa. Naandika tu hapa.

Alhamisi, 7/6
Sikula. Nilifikiria mashati ya baba. Maman yangu alikuwa anafua huku anatukana: masizi ya koroboi, na maganda madogo ya mbao. Kila siku masizi na mbao. Kwa nini masizi?
Saa ya mchana nilipata. Nikaruka kama kijana, mugongo ukalia.
Bunduki iko na mbao chini ya mtutu. Mtutu ni mviringo. Lazima mbao ichimbwe mfereji, mtutu ulale ndani bila nafasi. Unapaka mtutu masizi, unaulaza, unautoa. Pale mbao ni nyeusi, unakwangua. Chuma yangu haijagusa risasi hata siku moja. Inagusa mbao tu!
Akili hii nilizaliwa nayo.

Ijumaa, 8/6
Uwanja wa responsable ulijaa. Akanipa chuma nionyeshe. Nilileta kipande cha bomba ya maji, kama mtutu. Sylvestre alileta mbao. Ngumu sana, kwa makusudi. Na kidomo: "Mzee, anza na viazi!"
Nilisukuma kama bafundi mbao bote banasukuma randa. Chuma ikaruka. Nikasukuma tena. Ikachana mbao vibaya. Batu banacheka, responsable anaangalia chini. Nilitaka kufa.
Halafu nikakumbuka: maganda yale yalikuwa kwenye tumbo la shati. Tumbo! Sylvestre akisukuma, maganda yake yanaanguka mbele, chini. Baba alikuwa anavuta.
Nikakaa chini. Mbao kifuani. Nikavuta.
Sauti ile! Laini, kama kitambaa kipya kinapasuka. Maganda yakanijaa tumboni. Masizi, laza, toa, vuta. Masizi, laza, toa, vuta. Mpaka bomba ikalala kama mutoto mugongoni. Responsable akajaribu kupitisha karatasi pembeni. Karatasi ikakataa.
Akasema: "Hii ni chuma ya mbao. Mzee, beba yako. Lakini kule kabare, useme polepole."
Sylvestre alipitisha kidole kwenye mfereji mara nyingi. Hakucheka. "Papa, baba yako alikuwa fundi." Halafu akaomba nimuazime. Nikakataa mbele ya batu bote. Utamu ule!

Jumamosi, 9/6
Kabare. Nilieleza yote tangu mwanzo. Halafu tena, kwa benye balichelewa. Polepole sikuweza.

Jumapili, 10/6
Chuma iko ukutani, karibu na msalaba. Shati yangu iko na masizi tumboni. Sitaki ifuliwe.
Mama batoto anapukuchua mahindi na vidole. Tangu kutoka misa nimekaa naye, napukuchua. Vidole gumba vinaniuma sana. Sitamwambia muntu.