Maji ya Mferejini

Jumatatu, 3 Februari 1958
Ruiru, shamba la kahawa. Nyumba kumi na moja za vibarua leo. Maswali yale yale: mko wangapi, mmetoka wapi, maji mnachota wapi. Wanachota mferejini, chini ya mtambo wa kuosha kahawa. Nimeandika "yananuka". Nimechoka kuandika.

Alhamisi, 6 Februari
Barua ya Profesa, Kampala. Nikimaliza utafiti huu napata shahada ya pili, kisha nafasi ya kufundisha. Baba ameshatangaza kanisani, Bungoma. Kwa nini mimi sifurahi?

Jumanne, 11 Februari
Nekesa, mtoto wa Mama Nekesa, anaharisha damu. Watoto wagonjwa wako watatu kwenye mstari ule wa nyumba. Nilipofungua daftari mama akanikazia macho.
"Wafula, mara ya nne hii unaniuliza maji. Majibu unapeleka wapi?"
"Chuoni, mama."
"Watakunywa?"
Aibu. Nimewabeba kwa baiskeli hadi hospitali Thika, mama nyuma, mtoto mgongoni mwake.

Jumatano, 12 Februari
Nimechora ramani. Mtambo, mfereji, nyumba zenye wagonjwa. Karatasi moja tu. Nimempelekea bwana afya mjini Thika. Akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama nimesomea udaktari. Hapana, mambo ya jamii. Akauliza hiyo ni kazi gani. Nikamwachia ramani.

Ijumaa, 14 Februari
Meneja amenifukuza shambani. Eti niliruhusiwa kuuliza, si kushtaki. Utafiti umevunjika katikati. Nina hasira. Nina hofu pia. Nimetembea hadi mtoni na kurudi, bila sababu.

Jumatatu, 24 Februari
Mfereji umefungwa. Lori la maji linakuja kila asubuhi. Nekesa ametoka hospitali. Mtoto wa Njoroge, jirani yao, hakutoka. Karatasi ile nilipaswa kuichora mwezi mzima kabla.
Bwana afya anataka msaidizi wa kupita nyumba kwa nyumba. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Profesa nimemwandikia kwamba naacha utafiti. Baba bado.

Jumapili, 2 Machi
Baada ya ibada nimeenda kwa Njoroge. Tumekaa kwenye benchi nje. Mkewe ameleta uji, vikombe viwili. Tumekunywa polepole. Kazi naanza kesho.