Makala Iliyosubiri Kahawa

Mtaa wa Aija, mjini Sur, Jumanne usiku

…na kichwa cha habari kilikuwa kimeshapangwa kwa gazeti la kesho: "Kiswahili Kinakufa Sur." Nilikiandika mwenyewe.

Mchana nilimpeleka Maryam kwa Bi Zuwena. Maryam amerudi kutoka Uholanzi, alikochunguza namna watoto wanavyojifunza Kiholanzi, na sasa anawarekodi wajukuu wanaolelewa kwa Kiswahili katika mji huu wa Waarabu. Bi Zuwena alikuwa amewafundisha wajukuu wake la kusema tangu asubuhi. Walitoa shikamoo, wakataja majina, wakanyamaza. Maswali yote yaliyobaki akajibu bibi.

"Waache wenyewe, bibi," Maryam alisema.

"Wanitie aibu? Kiswahili chao kibovu, mwanangu."

Nikaona makala yangu imethibitika.

Lakini mgeni haondoki bila kahawa, basi bibi akaenda jikoni. Kinasa sauti kilibaki kimewashwa, na sahani ya halua mbele ya watoto.

"Hii kipande yangu!"

"Mwongo we! Ushakula, khalas!"

Wakagombana hivyo mpaka kahawa ikaiva.

"Sarufi imekwisha," nilimnong'oneza Maryam.

"Watoto wa Uholanzi nao huivunja wakijifunza, na hakuna anayewawekea matanga. Hawa wanagombana kwa Kiswahili, na hakuna aliyewatuma."



Bibi akarudi na birika. Watoto kimya, mikono mapajani.

"Wamesema chochote?"

"Wamesema, bibi. Sana."

Nilimpigia mhariri kutoka garini. Amenuna, lakini makala ameiondoa kwenye gazeti la kesho. Kichwa kipya bado sina, na hilo halinisumbui.